Daraja la barabara kuu likianguka, hurudi baada ya muda gani? Philadelphia siku 12, Baltimore zaidi ya miaka 6. Tuelezane hapa

Nguzo_ya_Kati aliandika:

Wakuu, habari za jioni.

Naona ubishi umekuwa mkubwa kuhusu daraja la Francis Scott Key la Baltimore, Marekani. Liligongwa na meli Machi 2024, na sasa wenyewe wanasema jipya litafunguliwa mwishoni mwa 2030. Upande mmoja wanasema Marekani imechoka, haijengi tena. Upande wa pili wanakuja na Philadelphia: barabara kuu ya I-95 iliporomoka Juni 11, 2023, na Juni 23 magari yakawa yanapita. Nchi ni ileile, na hata mwaka mmoja haukupita kati ya tukio na tukio. Nimeshinda kwenye maeneo ya ujenzi wa madaraja kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na swali hili naulizwa kila masika. Linastahili jibu la kueleweka, kwa sababu wafanyabiashara na madereva wanapanga maisha yao kwa tarehe wanazotajiwa.

Nianze na Philadelphia, maana ndiyo inayowachanganya wengi.

Asubuhi ya Jumapili ile lori la mafuta lenye galoni kama 8,500 za petroli lilipinduka kwenye njia ya kutokea barabara kuu, pale Cottman Avenue. Dereva alifariki. Moto ukawaka chini kabisa ya daraja. Watu hudhani chuma lazima kiyeyuke ndipo daraja lianguke. Hapana. Chuma kikifika nyuzi 600 za Selsiasi kinabaki na karibu nusu tu ya nguvu zake, na mhimili uliobeba zege lote lile unaanza kupinda wenyewe. Upande wa kuelekea kaskazini ulianguka. Upande wa kusini ulibaki umesimama lakini haukuaminika tena, ukabomolewa. Hapo ni mahali palipokuwa panapita magari 160,000 hivi kwa siku.

Sasa tazameni kilichokuwa chini ya daraja: barabara ya mtaa. Si mto, si bahari. Barabara unayoweza kuifunga kesho asubuhi na watu wakazunguka. Kwa hiyo wahandisi hawakujenga daraja, walijaza lile pengo. Walileta kokoto nyepesi zinazotengenezwa kwa kioo cha chupa kilichosagwa na kuumuliwa kwa joto, kutoka kiwanda kilichokuwa jirani, wakashindilia tabaka juu ya tabaka, wakamwaga lami juu, njia sita zikafunguka. Kokoto ile ni nyepesi, kwa hiyo lori moja linabeba ujazo mkubwa na kuta za pembeni hazisukumwi sana kwenda nje. Mvua ilipotishia siku za mwisho, wakaleta mashine yenye injini ya ndege inayokaushia uwanja wa mashindano ya magari wa Pocono, ikapuliza barabara hadi ikakauka. Kazi ilikwenda usiku na mchana, na kamera ikirusha mtandaoni muda wote.

Zile siku 12 zilikuwa za kufungua njia. Daraja la kudumu lilikuja baadaye: pande za nje zinajengwa kwanza, magari yanahamishiwa huko, jazo linaondolewa, sehemu ya kati inajengwa. Habari hiyo haikusambaa kama ile ya kwanza, ndiyo maana watu wameshika siku 12.

Twende Baltimore. Machi 26, 2024, saa 7:28 usiku, meli ya makontena iitwayo Dali, ndefu karibu mita 300, ilipoteza umeme mara mbili ikiwa inatoka bandarini kwenda Colombo, ikapiga nguzo kuu. Daraja lilikuwa na urefu wa kilomita 2.6 hivi, na uwazi wa katikati, kutoka nguzo kuu hadi nguzo kuu, mita 366. Fremu yake ya chuma ilikuwa imeungana mfululizo, na nguzo moja ilipoondoka sehemu zote zilizoitegemea zikaenda majini kwa sekunde chache. Kulikuwa na vibarua juu yake, wanaziba mashimo usiku. Sita walifariki, wote wahamiaji kutoka Mexico, Guatemala, Honduras na El Salvador. Rubani wa meli aliwahi kupiga simu ya hatari, polisi wakafunga barabara dakika za mwisho, la sivyo tungezungumza idadi nyingine.

Hapo saa ya ujenzi inaanza kuhesabu? Bado kabisa. Kwanza miili: wa mwisho alipatikana Mei 7. Pili, tani kama 50,000 za chuma na zege zimelala mtoni, sehemu nyingine zimelalia meli. Wapiga mbizi wanafanya kazi kwenye maji yenye tope ambamo hawaoni mikono yao wenyewe, wanapapasa. Na chuma kilichopinda kwa uzito kina nguvu iliyobanwa ndani yake. Ukikikata pasipo hesabu kinaruka na kuua. Ndiyo sababu kipande kikubwa kilichokuwa juu ya meli kilikatwa kwa baruti Mei 13, wakataji wakiwa mbali. Dali ikavutwa Mei 20. Njia ya meli ikafunguka kikamilifu Juni 10. Wiki 11 zimekwisha na hakuna hata nguzo moja mpya.

Nitaendelea kwenye majibu. Ulizeni.

Dereva_wa_Tunduma aliandika:

Injinia, shukrani sana, haya ndiyo tunayoyataka humu.

Mimi si msomi wa madaraja ila yamenilaza njiani. Machi 2020 Kiyegeya pale Gairo, maji yalipoikata barabara ya Morogoro–Dodoma, nilikuwa natoka Singida na vitunguu. Wenye magari madogo walielekezwa wazunguke, wengine wakakata kupitia Iringa. Mimi na semi yangu niliamua kusubiri, kwa sababu mafuta ya kuzunguka yalikuwa yanakula nauli yote. Vitunguu havisubiri. Magunia ya chini yalianza kutoa maji, harufu ukaisikia ukiwa mbali, utingo wangu akawa anapanda usiku kuyageuza ili upepo upite. Tajiri anapiga simu kila saa: "Wamesema lini?" Na kila aliyepita pale alikuwa na siku yake aliyoisikia.

Swali langu ni hili. Kwetu wanajaza mawe na kifusi, wanaweka makalavati, siku chache tunapita. Sawa na hao wa Philadelphia. Mbona ya kwetu mvua ikirudi inaondoka nayo?

Nguzo_ya_Kati aliandika:

Pole sana kwa vitunguu, kaka. Na swali lako ndilo kiini cha uzi huu.

Philadelphia walijaza pengo ambalo hakuna kitu kilichotaka kupita chini yake. Wewe Kiyegeya ulikuwa umesimama juu ya njia ya maji. Ukijaza njia ya maji umetengeneza bwawa, na bwawa la kifusi halina muda mrefu. Kwa hiyo kila jazo la dharura mtoni lazima liachiwe matundu, na matundu hayo huwa ni makalavati yaliyopatikana haraka, yenye upana unaotosha maji ya leo. Mvua kubwa zaidi ikija, maji hupanda juu ya barabara au huchimba pembeni. Kuchimba pembeni ndiko kubaya. Mara nyingi daraja la zege lenyewe linabaki limesimama mtoni, zima, halafu tuta la kuingilia limekwenda lote. Ukipita unaona daraja halina kitu cha kushikana nalo pande zote mbili.

Mnakumbuka Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam–Lindi ilivyokatika pale Somanga, wilayani Kilwa. Kusini yote ilisimama. Kazi ya kurudisha mawasiliano ilikuwa ya siku, usiku na mchana, mawe yanashushwa mtoni. Ile ni kazi halali na ya lazima, na waliokuwa pale walijitoa. Ila madaraja ya kudumu yalihitaji mikataba yake yenyewe iliyokuja baadaye, kwa sababu huwezi kuamua upana wa daraja kwa kuangalia mto ukiwa umefura. Unahitaji kujua bonde linakusanya maji kutoka eneo la ukubwa gani, mvua ya juu kabisa inayokuja mara moja katika miaka 50 au 100 ni kiasi gani, na mto wenyewe unahama au hauhami. Ukiruka hatua hiyo ukajenga daraja la upana uleule kwa urefu uleule, umeandaa habari ya miaka michache ijayo.

Kwa uzoefu wangu, daraja la kawaida la barabara kuu juu ya mto wa msimu, likianguka lote, kulirudisha kwa kudumu ni mwaka mmoja hadi miwili. Na sehemu ya kumwaga zege, ambayo ndiyo watu wanaiona kwenye picha, ni ndogo ndani ya muda huo. Kupima udongo hadi ufikie tabaka gumu, usanifu, fedha kuidhinishwa, zabuni, mkandarasi kuleta mitambo. Ukichelewa mwezi mmoja hapo na masika yakakukuta ukiwa msingini, hukuchelewa mwezi, umechelewa msimu mzima. Shimo linajaa maji, unasubiri hadi yashuke.

Mwanafunzi_Civil aliandika:

Mkuu, shikamoo. Mimi niko mwaka wa tatu uhandisi. Nina mawili.

Moja, zege linahitaji siku 28 kufikia nguvu yake. Kama daraja lina msingi, nguzo, kichwa cha nguzo na sakafu, hiyo si ni siku 28 mara nne? Pili, vipi Genoa? Lile la Italia lilianguka Agosti 14, 2018, watu 43 wakafa, na jipya lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja likazinduliwa Agosti 3, 2020. Ni miaka miwili pungufu ya siku chache. Kama Wataliano waliweza, Baltimore wana sababu gani?

Nguzo_ya_Kati aliandika:

Marahaba kijana.

La kwanza. Siku 28 ni siku ya kupimia, si siku ya kukaa mikono mfukoni. Zege la kawaida likifikisha siku 7 huwa limepata kama theluthi mbili ya nguvu yake, na kazi nyingi za hatua inayofuata huanza hapo, mradi vipande vya majaribio vimevunjwa maabara na majibu yameridhisha. Pia kuna zege la kupata nguvu mapema, ghali zaidi. Angalia Atlanta: Machi 30, 2017 moto uliunguza mabomba ya plastiki yaliyohifadhiwa chini ya barabara ya I-85, daraja likaanguka. Wale walijenga daraja kweli, si jazo: mihimili 61 na nguzo 13. Lilifunguliwa katikati ya Mei, wiki sita na kidogo. Lakini chini palikuwa pakavu, ramani zilikuwepo, urefu wa kila uwazi ulikuwa mdogo, na mihimili iliweza kufyatuliwa kiwandani wakati nguzo zinapanda. Hapo ndipo muda unapookolewa. Kazi mbili zikienda sambamba, siku zinakatika nusu bila mtu kulipua kazi, yaani kuifanya ovyo.

Genoa nayo ina mambo yake. Serikali ilimweka meya wa mji, Marco Bucci, kuwa kamishna mwenye mamlaka maalumu, taratibu za kawaida za zabuni zikawekwa kando. Mbunifu Renzo Piano, mzaliwa wa Genoa, alitoa mchoro wake bure. Kampuni mbili kubwa zikaunganishwa, moja ya ujenzi na moja ya meli, ile ya meli ikawa inaunda sakafu ya chuma kwa vipande viwandani na kuvileta tayari. Hata hivyo mabaki ya daraja la zamani yalilipuliwa Juni 28, 2019, miezi kumi na nusu hivi baada ya ajali, na watu walikuwa wamehamishwa kwenye nyumba zilizokuwa chini yake. Sehemu kubwa ya nguzo za daraja jipya zimepishana mita 50 tu. Mita 50 ni kreni moja nzuri na mpango mzuri. Baltimore wanahitaji kuruka karibu mita 490 bila kugusa chini, kwa sababu meli zinapita hapo mchana na usiku. Hiyo ni kazi ya minara mirefu na nyaya za kuning'iniza sakafu, na kila kitu kinaanza na misingi mikubwa ndani ya maji.

Kama unataka mfano wa kulinganisha kwa haki zaidi, chukua Minneapolis. Daraja la I-35W juu ya mto Mississippi lilianguka Agosti 1, 2007 saa 12 jioni, foleni imejaa. Wakafa 13, majeruhi 145. Uchunguzi ukakuta vibao vya chuma vinavyounganisha fremu vilisanifiwa na nusu tu ya unene uliotakiwa, tangu miaka ya 1960, na siku ile kulikuwa na mchanga, kokoto na mashine za ukarabati zimerundikwa juu ya daraja. Jipya lilifunguliwa Septemba 18, 2008. Miezi 13 na nusu, kwa mkataba wa dola milioni 234 uliompa mkandarasi mmoja usanifu na ujenzi kwa pamoja. Na aliyepewa hakuwa wa bei ya chini. Alikuwa wa bei ya juu kuliko wote, alishinda kwa ubora wa mpango wake. Hilo nalisisitiza kwako uliye chuoni, kwa sababu utakuja kukaa kwenye kamati za zabuni.

Nyali_hadi_Dundalk aliandika:

Assalam aleikum jamaa zangu. Mimi ni mtu wa Mombasa lakini naishi huku Dundalk, kando kabisa ya lilipokuwa hilo daraja. Nilikuwa nikilipita kwenda kazini ng'ambo, na sasa ni handaki.

Watu walio mbali hawaoni shida ya malori. Yale ya mafuta, ya gesi, hayaruhusiwi kuingia mahandaki yetu mawili, la Fort McHenry na lile la bandari. Zamani yakipita Key. Sasa yazunguka mji mzima upande wa magharibi kwa barabara ya 695, na magari mengine yote yaliyobaki yamejibana handakini. Asubuhi ukichelewa kutoka nyumbani, siku yako imeharibika.

Lakini linaloniumiza zaidi ni wale sita. Walikuwa ni watu wa kazi kama sisi, wametoka kwao kutafuta, walikuwa kwenye mapumziko ndani ya magari yao. Msikitini kwetu tuliwaombea, na ndugu zetu Walatino hapa mtaani waliweka picha zao na misalaba. Nikipita pale nawakumbuka.

Injinia nieleze jambo moja. Mwanzo walituambia dola bilioni 1.7 hadi 1.9 na mwaka 2028. Novemba 2025 wakaja na bilioni 4.3 hadi 5.2, na mwisho wa 2030. Huku wengi wasema ni wizi mtupu. Wewe waonaje?

Nguzo_ya_Kati aliandika:

Waaleikum salaam ndugu yangu wa Nyali. Mungu awarehemu wote sita.

Nitakujibu kwa nilivyolisoma. Makadirio ya kwanza yalitoka Mei 2024, meli haijavutwa au ndiyo kwanza inavutwa. Mkandarasi Kiewit alipatikana Agosti mwaka ule. Kwa hiyo namba ile ya 1.9 ilitolewa hakuna mchoro, hakuna majibu ya udongo wa chini ya maji, hakuna mkandarasi. Siasa ilitaka namba, wahandisi wakatoa namba. Kwa maoni yangu kosa liko pale, kutangaza tarehe na bei kwa uhakika ambao haukuwepo, na walioitangaza wanastahili kuulizwa.

Ila kupanda kwenyewe kuna sababu unazoweza kuziona kwa macho. Daraja la zamani lilifunguliwa Machi 1977. Mwaka 1980 meli ya Kijapani Blue Nagoya ilipoteza nguvu na kuligonga daraja hilo hilo, madhara yakawa madogo. Dali ni kubwa kuliko meli ile karibu mara kumi. Meli zimekua, daraja limebaki na kinga zake za miaka ya 1970. Machi 2025 wachunguzi wa ajali wa taifa, NTSB, walisema daraja la Key lilikuwa na hatari ya kuangushwa na meli karibu mara 30 ya kiwango kinachokubalika, na wakataja madaraja mengine 68 katika majimbo 19 ambayo wamiliki wake hawajafanya hesabu ya hatari hiyo. Hesabu yenyewe ipo kwenye miongozo ya wahandisi tangu miaka ya 1990. Hili mimi liliniuma kama mtu wa kazi hii. Hesabu ya mezani, ya wiki chache, ingeonyesha.

Kwa hiyo daraja jipya linajengwa refu zaidi kati ya nguzo, na lina nafasi ya mita 70 kutoka majini badala ya 56, ili meli kubwa zaidi zipite. Ukipandisha katikati, lazima urefushe miinuko ya kupandia pande zote mbili, maana malori hayapandi ukuta. Halafu nguzo kuu zinazungushiwa kinga kubwa ya kupokea pigo la meli kabla halijafika kwenye nguzo. Ongeza bei za chuma na vifaa vilivyopanda. Na mabaki ya daraja la zamani yalianza kubomolewa Julai 2025, kwa hiyo mkandarasi anabomoa na kujenga kwenye eneo moja.

Fedha angalau si kikwazo kikubwa, Bunge la Marekani lilipitisha Desemba 2024 kwamba serikali kuu italipa gharama yote. Nchi nyingi hilo peke yake lingekula miaka miwili.

Dereva_wa_Tunduma aliandika:

Na chanzo cha ile meli kuzima kilijulikana?

Nguzo_ya_Kati aliandika:

Ndiyo. Novemba 2025 NTSB walieleza kwamba waya mmoja haukuingia vizuri kwenye kishikizo chake, kwa sababu kibandiko cha jina la waya kilikuwa kimevishwa vibaya kikazuia. Waya ukalegea, umeme ukakatika. Kwenye meli ya mita 300 yenye maelfu ya waya.

Bi_Zuhura_Samaki aliandika:

Wanangu, mimi nanunua samaki Kilwa napeleka Dar. Ile 2024 ilinitia hasara nisiyotaka kuisema hapa, barafu iliisha nikagawa samaki kwa watu wa kijijini wakale kabla hawajaharibika. Haya ya nje nimeyasoma na nimeelewa. Mimi nataka jambo la kunisaidia. Akisimama kiongozi akasema "barabara itafunguka baada ya siku kadhaa", nimuulize nini nijue kama nisubiri au nizunguke?

Nguzo_ya_Kati aliandika:

Shikamoo mama. Swali lako lina faida kuliko yote tuliyoandika.

Kwanza muulize ni njia ya muda au ya kudumu, na kama ni ya muda itabeba tani ngapi. Mara nyingi siku ya kwanza huruhusiwa magari madogo, halafu mabasi, malori ya mzigo baadaye kabisa. Katonga, Uganda, Mei 2023, barabara ya Kampala–Masaka ilipokatwa na maji, magari madogo yalianza kupita kabla ya malori, na malori ya kuja Mutukula yakaendelea kuzunguka. Wewe ukisikia "imefunguka" ukapakia Fuso lako, unaweza kufika ukakuta si ya kwako.

Pili, uliza kama maji yameshashuka. Yakiwa bado yanapanda, tarehe yoyote ni dua. Mawe yakimwagwa kwenye maji yanayokwenda kasi, mengine yanakwenda nayo, na mkandarasi anarudia.

Tatu, uliza mawe na makalavati yapo wapi sasa hivi. Yakiwa yameshafika eneo la kazi au yapo machimbo ya karibu, siku walizosema zinawezekana. Yakiwa "yameagizwa", ongeza muda. Oakland, California, Aprili 29, 2007, lori la mafuta liliwaka na kuangusha daraja la makutano makubwa ya barabara. Mkandarasi C.C. Myers aliomba chini ya dola 900,000 kwa kazi yote, akijua mkataba unampa dola 200,000 kwa kila siku atakayowahi, mwisho milioni 5. Alitafuta chuma na kiwanda cha kukikata mapema mno. Daraja likafunguliwa Mei 24, mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho, na bonasi yote akaichukua. Serikali haikupata hasara, kwa sababu kila siku ya kufungwa iligharimu watu wa pale zaidi ya hizo 200,000. Natamani mikataba yetu ya dharura iwe na kifungu cha namna hiyo, kwa pande zote mbili: ukiwahi unalipwa, ukichelewa unakatwa.

Mwanafunzi_Civil aliandika:

Lakini mkuu, kumlipa mtu kwa kuwahi si kunamshawishi kulipua kazi?

Nguzo_ya_Kati aliandika:

Kunamshawishi, ndiyo. Dawa yake ni mhandisi msimamizi asiye wa mkandarasi, aliyepo eneo la kazi saa zote ambazo kazi inaendelea, pamoja na saa nane za usiku, mwenye mamlaka ya kukataa zege na akalikataa kweli. Bonasi bila msimamizi wa namna hiyo nisingeisaini.

Dereva_wa_Tunduma aliandika:

La mwisho kwangu. Hayo madaraja ya chuma ya kuunga kwa vipande wanayoweka kwa muda, tunapita kwa woga sana na mzigo. Yanaaminika?

Nguzo_ya_Kati aliandika:

Yanaaminika kwa uzito yaliyowekewa. Jimbo la Washington, Mei 23, 2013, lori lenye mzigo uliozidi kimo liligonga fremu ya daraja la I-5 kwenye mto Skagit, sehemu moja ikaanguka majini pamoja na magari mawili. Watu watatu waliokolewa, hakuna aliyekufa. Juni 19 walikuwa wameshaweka daraja la chuma la muda na magari yanapita, kwa mwendo mdogo na bila mizigo iliyozidi kipimo. Huku juu yanapita, pembeni yake sehemu ya kudumu ikajengwa, na Septemba wakafunga barabara usiku mmoja, wakatoa ya muda na kuisukuma ya kudumu mahali pake.

Kwa hiyo kaka, kibao cha tani ukikiona pale, pita mmoja mmoja, usifuatane na mwenzako ukiwa na mzigo kamili, usifunge breki katikati. Zile pini zinazounganisha vipande hulegea kwa mtikisiko, na anayezikaza hupita kwa ratiba, si kila ukipita wewe.

Nyali_hadi_Dundalk aliandika:

Ahsante sana Injinia. Basi wewe kwa Baltimore wasema 2030 ni kweli?

Nguzo_ya_Kati aliandika:

Misingi ya majini ikienda bila mshangao, ndiyo. Fuatilia habari za nguzo za msingi zinazopigiliwa mtoni, usifuatilie hotuba. Zikikamilika zote kwa wakati, minara na nyaya ni kazi ndefu lakini inayotabirika, na mwisho wa 2030 nitauamini. Ukiona mwaka unakwisha bado wanapigilia, ongeza mwaka mwingine wa handaki kwenye mipango yako.